Nyongeza Ambayo Kompyuta Haikuijua

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, simu yangu ililia nikiwa bado nakoroga uji. Sikuzote nilitazama saa kabla ya kupokea simu ya mteja, na hiyo ni tabia ninayowashauri muige. Anayepiga kabla ya saa tatu asubuhi amepoteza pesa. Anayepiga baada ya chakula cha mchana anataka kupunguziwa bei. Anayepiga jioni hana shida yoyote, ametoka tu kusikia kwamba jirani yake ana programu nzuri kuliko yake.

"Nyar Kompyuta," sauti ikasema bila salamu, "umeniuzia mashine ama umeniuzia kesi?"

Alikuwa Mama Beryl wa Asembo Bay, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani. Nyar ni binti wa mahali fulani, na yeye aliamua tangu siku ya kwanza kwamba mimi ni binti wa kompyuta. Miezi miwili kabla ya simu hiyo nilikuwa nimemwandikia programu ya stoo. Gunia likiingia, linaandikwa. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ikiuzwa, inaandikwa. Jioni kompyuta inamwambia kilichobaki.

"Shida ni nini, Mama Beryl?"

"Kompyuta inasema nina magunia matano. Mimi nina macho, naona matatu."

"Labda kuna mauzo hayakuandikwa."

"Ndiyo maana nakwambia ni kesi. Anayeuza ni Auma peke yake. Kompyuta haina tumbo, haiwezi kula omena. Auma ana tumbo."

Alinieleza kwamba mwezi wa kwanza hesabu ilipungua, akamkata Auma mshahara. Mwezi wa pili ikapungua tena, akamkata tena, jumla shilingi elfu kumi na moja na mia nne. Sasa ilikuwa wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu na pengo lilikuwa limefika magunia mawili. Ijumaa angemfukuza.

"Kama mashine ni nzima, Auma aende," akasema. "Kama ni mbovu, wewe uje uitengeneze, na usinitajie pesa. Nilishalipa."

Ninyi vijana mnaokuja kwangu Migosi na kompyuta zenu mgongoni huwa mnaniuliza swali moja kwa maneno mengi. Mteja akisema programu ina kasoro, nimtoze? Akitaka iboreshwe, nimtoze? Mnataka jibu la neno moja ili muwahi kurudi mjini. Nimefanya kazi hii mpaka macho yaliponiomba nistaafu kabla ya umri, na jibu la neno moja sina. Ninalo lile la Asembo, ila kabla ya kufika huko lazima nipitie Kibuye kidogo.

Sikusomea kompyuta. Nilikuwa mpiga chapa, na mashine yangu ya kupigia chapa ilipoharibika niliipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa na meza pembeni mwa soko la Kibuye, Kisumu. Aliitwa Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilikaa sana kwenye benchi lake hivi kwamba wateja wengine walidhani ninauza kitu. Kila alichonifundisha kuhusu programu alinifundisha kabla hajaiona kompyuta.

Bwana Wekesa alikuwa na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Kila skrubu aliyoikaza aliipaka tone moja. Siku moja karani wa ofisi fulani alirudisha mashine yake akiwa amevimba kwa hasira.

"Wekesa! Wiki jana umetengeneza, leo imekufa. Sitoi hata senti."

Bwana Wekesa akaifungua taratibu, akainama, akatazama. "Skrubu yangu imelala," akasema. "Tazama, rangi haijapasuka. Iliyoamka ni hii nyingine, na hiyo sijawahi kuigusa. Utalipa."

Mara nyingine niliona rangi imepasuka yenyewe, kwa sababu alikuwa ameikaza vibaya. Hapo hakubishana. Alitengeneza bure, akaomba msamaha, na akamnunulia mteja soda. Soda ilikuwa ghali kuliko skrubu. Nilipomuuliza kwa nini anajitia hasara hivyo, alisema, "Nisiponunua soda, nitasahau kukaza vizuri."

Nilipohamia kwenye kompyuta nilihama na ile rangi ya kucha. Kila programu niliyouza iliambatana na karatasi moja inayosema kwa Kiswahili rahisi itafanya nini. Kama karatasi inasema itafanya na haifanyi, natengeneza kwa gharama yangu. Kama mteja anataka kitu ambacho hakimo, tunakaa chini tunapatana bei. Nilijivunia utaratibu huo kiasi cha kuwachosha watu.

Siku hizo kutengeneza kulikuwa na nauli yake. Nilibeba disketi kwenye kikapu, nimeifunga kwa karatasi ya nailoni dhidi ya vumbi, mpaka dukani kwa mteja. Safari moja nilipitia kwa shangazi yangu, akanitilia samaki wawili wabichi, ngege, kwenye kikapu hichohicho. Nilipofika, kompyuta iliisoma ile disketi kwa sauti ya mtu anayesaga mahindi, kisha ikakataa. Mwenye duka aliinusa, akaniuliza kama programu yangu huliwa na ugali.

Leo mtu anabonyeza kitufe akiwa Migosi na duka la Homa Bay linabadilika wakati mwenyewe bado anapiga mswaki. Ni jambo zuri, na ndilo lililowachanganya. Mteja haoni nauli, kwa hiyo anadhani kila kitu ni bure. Nanyi hamwoni uso wa mteja, kwa hiyo mnadhani kila kitu kina bei. Kijana mmoja, simtaji kwa kuwa mama yake ni rafiki yangu, aliuza programu ya risiti iliyokuwa ikijumlisha kodi mara mbili. Mwenye duka akalalamika. Kijana akamjibu kwamba hilo limerekebishwa kwenye toleo jipya, alipie elfu tano.

Nilimuuliza, "Fundi akikushonea suruali yenye mguu mmoja mfupi, halafu akuambie mguu mrefu uko kwenye toleo jipya, utamfanya nini?"

"Lakini Mama, kampuni kubwa zinafanya hivyo."

"Kampuni kubwa haina haja ya kupita mbele ya duka la mteja wake ikienda kununua nyanya. Wewe unapita kila siku."

Basi, siku ileile ya simu nilikwenda Asembo. Stoo ya Mama Beryl ni ya mabati, haiko mbali na ufuo, na mbele yake omena huanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini. Kompyuta ilikuwa kwenye meza karibu na mlango, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, kama redio ya zamani. Nyuma ya meza alisimama mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mikono imekunjwa kifuani.

"Wewe ndiye mwenye hii mashine inayoniita mwizi?" akaniuliza.

"Haijakuita mwizi, Auma. Imesema tu hesabu hailingani."

"Kwa Mama Beryl hayo ni maneno mamoja."

"Nimewasikia!" Mama Beryl akasema kutoka nje, alikokuwa akigeuza omena. "Na ni kweli, ni maneno mamoja."

Nilikaa kwenye ile kompyuta mpaka mchana. Niliingiza gunia la majaribio, nikauza gorogoro za majaribio, nikafuta, nikarudisha. Nilitafuta mauzo yanayohesabiwa mara mbili. Nilizima umeme ghafla nione kama kuna kinachopotea. Nilikumbuka skrubu zote nilizowahi kulegeza maishani na nikazitafuta mle ndani. Zote zilikuwa zimelala. Programu ilifanya kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi, bila kuacha hata kimoja.

Nilipaswa kufurahi. Nikamwambia Mama Beryl kwamba mashine ni nzima, naye akaacha kugeuza omena. Alimtazama Auma tu. Auma aliendelea kufagia mahali palipokuwa pamefagiwa tayari. Baadaye aliniambia kwamba muda wote huo alikuwa akifikiria karo ya wanawe wawili, na ni kwa nani angeweza kukopa bila kuulizwa sababu ya kuachishwa kazi. Asembo si kubwa. Mtu akifukuzwa kwa wizi stoo moja, stoo nyingine haimtaki.

Nilifunga mkoba wangu. Kwa kuwa nilikuwa nimefika mahali pa omena, nikaona si vizuri kurudi mikono mitupu.

"Nipimie gorogoro moja," nikamwambia Auma.

Akajaza mkebe, akausawazisha kwa kiganja, akanimiminia kwenye mfuko. Nami, bila kufikiri, nikausogeza ule mfuko mbele na kusema ninachosema Kibuye kila Jumamosi, alichokisema mama yangu na mama yake: "Aa, Auma. Ongeza kidogo."

Akachota konzi moja, akanitupia juu. Akageuka kwenye kompyuta, akaandika: gorogoro, moja.

Nilibaki nimesimama, mfuko wazi.

"Auma. Hiyo uliyoongeza umeiandika wapi?"

"Ipi?"

"Hiyo ya juu."

"Hiyo ni nyongeza, Mama. Kwani nyongeza huandikwa?"

Nilimwita Mama Beryl. Tulitoa gunia moja, tukalipima mbele yake kwa gorogoro zilizosawazishwa. Zikawa arobaini, kama karatasi yangu ilivyosema. Tukalirudisha lote, tukalipima upya namna Auma anavyouza, gorogoro na konzi, gorogoro na konzi. Gunia likaisha kwenye ya thelathini na sita.

Mama Beryl alishika kiuno. Kwanza alicheka. Kisha, kwa haraka ambayo mpaka leo naiheshimu, akageuka mfanyabiashara.

"Kwa hiyo kosa ni lako. Tengeneza."

"Ngoja kwanza," nikasema, na nikatoa karatasi yangu. "Nilikuuliza unauzaje. Ukasema kwa gorogoro. Hapa hakuna nyongeza."

"Yawa! Wewe umezaliwa wapi, Ulaya? Nani amewahi kuuza omena bila nyongeza tangu ziwa liwekwe hapo?"

"Hukuniambia."

"Sikukuambia pia kwamba omena ni samaki. Ulijuaje?"

"Mama Beryl, hili ni jambo jipya kwenye programu. Ni kazi mpya. Shilingi elfu nane."

"Elfu nane kwa konzi! Hata dhahabu haina konzi ya elfu nane!"

"Si bei ya konzi. Ni bei ya kazi."

"Nimenunua mashine yako kwa elfu arobaini. Elfu arobaini! Na wewe huongezi hata kidogo juu? Mteja wa gorogoro moja ananizidi?"

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu karibu na hapo alisogea na kigoda chake ili asikie vizuri. Alipoulizwa maoni, alisema Nyar Kompyuta ana karatasi, lakini Mama Beryl ana omena, na yeye angependa kuwa upande wa omena. Wanawake waliokuwa wakianika walicheka. Nami nilicheka, lakini sikushuka bei. Nilikuwa na haki. Nilikuwa na karatasi.

"Mmemaliza?" Auma akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa bado ameshika ule mkebe.

"Mnabishana nani atalipa. Mama Beryl anasema ni wewe, wewe unasema ni Mama Beryl. Aliyelipa ni mimi. Miezi miwili nimekuwa nikiilipia hiyo konzi, na hakuna aliyenionyesha karatasi."

Yule mzee akarudisha kigoda chake mahali pake.

Nitawaambia nilichofikiri hapo, kwa sababu ndicho mlichokuja kuuliza. Rangi ya kucha ya Bwana Wekesa ina pande mbili tu, skrubu yangu na skrubu yako. Kwa sheria hiyo nilikuwa sahihi, kwa kuwa nyongeza sikuigusa. Lakini mteja hawezi kukuambia kila anachofanya. Jambo analolifanya tangu utotoni halioni tena, kama asivyoona pua yake. Kuliona ni kazi ya yule anayeuliza, na anayeuliza ndiye anayelipwa. Tena mimi si mgeni wa ziwa hili. Nimedai nyongeza tangu nilipokuwa nafika kiunoni mwa mama yangu. Kila Jumamosi nilikuwa nikiibeba nyumbani ile konzi iliyokosekana kwenye programu yangu. Ningekuwa fundi kutoka mbali, ningejitetea. Mwanamke wa Kisumu hana utetezi wa namna hiyo.

Kwa hiyo kasoro ilikuwa yangu, hata kama karatasi ilinitetea. Nikakaa chini nikaitengeneza alasiri hiyohiyo. Niliweka kitufe cha nyongeza, kila mauzo yatoe na konzi yake. Ilibidi tupime konzi. Konzi tisa za Auma zilijaza gorogoro moja. Za Mama Beryl, ambaye mikono yake ni mikubwa lakini hujua kujikunja inapofika kwenye omena, zilihitajika kumi na nne. Tukakubaliana programu itumie mkono wa Auma, kwa sababu ndiye anayeuza, na kwa sababu wateja waliokuwapo walitishia kuhama.

Bili ya kazi hiyo ilikuwa sufuri.

Lakini kabla sijaondoka Mama Beryl alikuwa ameshaanza kuipenda mashine tena. "Sasa, Nyar Kompyuta, si inaweza kunitumia ujumbe kwenye simu, nikiwa kanisani, nijue wameuza ngapi?"

"Inaweza."

"Basi iweke."

"Hiyo ni elfu nane."

"Lakini si umesema leo ni bure?"

"Kutengeneza nilichoacha ni bure. Kujua bei ya omena katikati ya mahubiri ni anasa, nayo inalipiwa."

Tulivutana mpaka jua likalegea. Alinilipa elfu saba na mia tano, na mfuko mwingine wa omena, na kwa ule mfuko sikuomba kuongezwa kitu.

Baada ya siku hiyo nilibadilisha jinsi ya kufanya kazi. Kabla ya kuandika karatasi, nilikwenda kwa mteja nikakaa nusu siku bila kompyuta. Nilinunua kitu. Nilirudisha kitu. Niliomba kukopeshwa, nione wanaandika wapi madeni. Ukimuuliza mteja, "Unauzaje?" atakueleza anavyodhani anauza. Ukinunua, utaona. Na nusu siku hiyo niliiweka kwenye bei tangu mwanzo, wazi, kwa sababu ni kazi kama kazi nyingine. Ninyi mnapenda kuuza rahisi, halafu mrudishe faida kwenye matengenezo. Mnafika mahali mnaombea programu iharibike. Fundi anayeombea kazi yake iharibike hachelewi kujibiwa.

Serikali ikibadilisha kiwango cha kodi, hiyo si kasoro yako, toza. Mteja akinunua simu mpya ambayo haikuwapo ulipoandika programu, toza. Mkipatana malipo ya kila mwezi, yawe ya kitu anachokipata kila mwezi, na umweleze ni kipi. Mengine mtayapima wenyewe. Nawaomba tu, kabla hamjabishana na mteja nani atalipia kasoro, muulize kwanza ni nani ambaye amekuwa akiilipia kimyakimya tangu ilipozaliwa. Karibu kila mara yuko mtu, na mara nyingi hayupo kwenye mkataba.

Nimeruka jambo moja. Nilipoiandika ile bili ya sufuri, sikumpa Mama Beryl papo hapo. Niliishika.

"Yangu ni sufuri," nikasema, "kama ya Auma pia itakuwa sufuri."

"Wewe umekuja kutengeneza kompyuta ama kuniongoza?"

"Pesa ulizomkata ulizikata kwa neno la kompyuta. Sasa kompyuta imesema vingine."

"Kompyuta haijasema kitu. Umesema wewe."

Nikaigeuza skrini imwelekee. Nilikuwa nimeyarudia mauzo ya miezi miwili, kila gorogoro na konzi yake. Kwenye sehemu ya upungufu hapakuwa na upungufu. Mama Beryl alisogeza uso karibu, akasoma, akasoma tena, kisha akatazama nje kwenye nyavu kama mtu anayetafuta mawingu ya mvua.

"Auma," akasema bila kugeuka, "kwa nini hukusema ni nyongeza?"

"Nilijuaje kwamba mashine haijui, Mama? Nilidhani imesoma."

Mama Beryl akafungua pochi iliyofungwa kiunoni chini ya leso. Alihesabu noti kwa Dholuo, kwa sauti ya chini, akilowesha kidole, akasimama katikati kana kwamba amefika mwisho, akaona tunamtazama, akaendelea. Auma alizipokea kwa mikono miwili. Akazihesabu upya kwa Kiswahili, polepole, ili nami nisikie, na ili wale wanawake waliokuwa wakianika wasikie pia: shilingi elfu kumi na moja na mia nne.